Klabu ya Nyota Kijijini Pwani: Anza na Mwezi, Darubini Itafuata

Maswali ni yale yale. Darubini ninunue ya aina gani? Bila darubini tutatazama nini? Tukutane siku gani? Wazee hawatasema tunapiga ramli? Nimeyajibu kwa simu, nimeyajibu barazani, mpaka nimeona bora niyaweke mahali pamoja. Mwongozo huu ni wako wewe unayeishi kijiji cha pwani, kwa wavuvi na wakulima wa mwani, na una hamu ya kutazama nyota pamoja na watu wa kwenu. Sisi tulianza upande wa Tanga, watu sita juu ya mkeka mmoja, na miezi minane ya mwanzo hatukuwa na darubini yoyote.

Jambo moja lishike kabla ya mengine: klabu ya nyota pwani inaendeshwa na mwezi. Kijiji chako tayari kinaishi kwa kalenda hiyo. Wavuvi wanajua bamvua, maji makubwa, na maji mafu, maji madogo, kina mama wa mwani wanajua siku maji yanapotoka mbali, msikitini wanahesabu mwandamo. Ukipanga mikutano yako humo humo, watu watakuja. Ukipanga kila Jumamosi ya kwanza kwa kalenda ya ukutani, miezi mingine utajikuta na mbalamwezi na miezi mingine utajikuta peke yako.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Watu watano au sita wanaopenda jambo lenyewe. Mmoja awe mtu mzima anayeheshimika, mwingine awe mwanamke mtu mzima, la sivyo wasichana hawataruhusiwa kuja, na wazazi watakuwa na haki.
- Mkeka au jamvi. Shingo huchoka upesi. Nyota hutazamwa kwa kulala chali.
- Tochi yenye mwanga mwekundu. Chukua tochi ya kawaida, ipake kioo chake rangi nyekundu ya kucha mara mbili tatu, au ifunge karatasi ya nailoni nyekundu. Jicho huchukua dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, na mwanga mweupe wa sekunde moja unakurudisha mwanzo.
- Daftari la jalada gumu na penseli. Wino huchuruzika kwa umande.
- Kalenda yenye tarehe za mwezi mwandamo.
- Simu moja yenye programu ya Stellarium. Ina toleo la bure, na ukishaiweka inakuonyesha anga.
- Ukipata, darubini ya macho mawili yenye namba 7x50 au 10x50.

Darubini kubwa sijaiweka kwenye orodha, na nimefanya hivyo makusudi. Inakuja hatua ya 7.

Hatua ya 1: Chagua jina, na liwe jina salama

Kamusi zinatumia neno unajimu kwa elimu ya nyota, lakini mtaani mnajimu ni mtu anayekusomea bahati kwa nyota yako ya Nge au Mizani. Ukijiita klabu ya unajimu, wiki ya kwanza utaletewa mtu anayetaka kujua nani kamwibia mashine ya boti. Tumia falaki. Neno hili wazee na masheikh wanalifahamu, wanajua kwamba ni elimu ya hesabu za mwezi, jua na nyota. Au sema wazi tu: klabu ya kutazama nyota.

Hatua ya 2: Toa taarifa

Nenda kwa mwenyekiti wa kijiji au kitongoji, kwa viongozi wa BMU (kikundi cha kusimamia ufukwe na uvuvi), na kwa imamu. Usiende na barua ndefu. Nenda jioni, salimia vizuri, eleza kwamba usiku fulani mtaonekana ufukweni watu kadhaa wamelala chini gizani na mwanga mwekundu. Watu wasioambiwa watadhani ni magendo au ni mambo ya kichawi.

Mahali penye kasa wanaotaga, waulize walinzi wao kwanza. Kasa jike akiona tochi hurudi baharini bila kutaga, na watoto wa kasa hufuata taa badala ya bahari.

Kuna atakayeuliza mambo haya yanatuhusu nini sisi watu wa pwani. Mwambie kwamba tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kukumbuka uhuru wa Kenya, setilaiti ilirushwa kutoka kwenye jukwaa lililosimama baharini mbele ya kijiji cha Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi moja tu ya kupima mionzi ya eksirei inayotoka angani, na ikaitwa Uhuru. Wataalamu wa nyota ulimwenguni kote wanalitamka jina hilo la Kiswahili hadi leo.

Hatua ya 3: Tafuta kiwanja

Unataka mambo matatu: upande wa kusini uwe wazi, taa za kijiji ziwe mgongoni, na upepo uzuiwe na kitu. Ukuta wa banda la boti unafaa sana, hata ubavu wa jahazi lililopandishwa kukarabatiwa. Usikae chini ya mnazi. Nazi inadondoka usiku kama inavyodondoka mchana.

*Angalia:* mchanga wa chini ya alama ya maji ni mzuri kwa macho na mbaya kwa vifaa. Siku za bamvua maji kwetu hujaa karibu na saa kumi, alasiri na alfajiri. Kwa hiyo kikao cha saa mbili hadi saa nne usiku wa giza kinakukuta maji yanatoka, ufuo mpana, raha tele. Mkinogewa mkakesha, maji yanawarudia mgongoni. Sisi tuliamka na mkeka unaelea.

Hatua ya 4: Panga ratiba kwa mwezi

Hapa ndipo klabu nyingi zinapofia, kwa hiyo soma taratibu.

Usiku mzuri wa nyota ni usiku wa giza: tangu tarehe 20 hivi ya mwezi mwandamo, mwezi unapochelewa kutoka, mpaka tarehe 3 ya mwezi unaofuata. Lakini giza hilo hilo ndilo wanalolisubiri wavuvi wa dagaa, kwa sababu taa zao huvuta samaki pale tu mbalamwezi haipo. Vijana wenye nguvu wote wako baharini, na taa zao zimejaa upeo wa macho kama mji. Ukiita mkutano wa kijiji usiku huo, hupati mvuvi hata mmoja.

Basi weka siku mbili kila mwezi:

Usiku wa mwezi, tarehe 8 hadi 10, baada ya Isha. Huu ni wa kijiji kizima. Wavuvi wa taa wameanza kupumzika, njia inaonekana, wazazi hawana hofu, na mwezi wenyewe ndio somo. Usingoje mwezi mpevu. Siku ya 14 jua linaupiga mwezi usoni, vivuli vinapotea, unaonekana bapa kama sahani. Tarehe 8 vivuli vya milima yake ni virefu na mashimo yanaonekana kama yamechimbwa jana.

Usiku wa giza, tarehe 27 hadi 2. Huu ni wa wanachama. Watu wachache, kimya, kazi ya nyota na daftari.

Kwa majira, mwongozo mfupi: masika usijisumbue sana, mawingu yatakutukana. Kaskazi ikituliza, Januari na Februari, ndiyo miezi yetu bora. Kusi inaleta upepo mkali na vipande vya mawingu vinavyopita, lakini Julai mpaka Septemba ndipo Njia ya Maziwa, ule mkanda mweupe wa nyota, inapopita juu ya kichwa, kwa hiyo vumilia.

*Angalia:* mkialikwa kusaidia kutafuta hilali, saidieni kusema itakuwa upande gani na itazama saa ngapi. Kutangaza mwandamo si kazi ya klabu. Acheni kwa wenye dhamana, mtaishi kwa amani na misikiti yote.

Hatua ya 5: Usiku wa kwanza, macho matupu

Zimeni simu. Laleni. Kaeni dakika 20 bila kufundisha chochote, watu waulize wenyewe. Kisha waonyeshe vitu vitatu tu kulingana na majira. Ukionyesha ishirini, hakuna atakayekumbuka hata kimoja.

Desemba hadi Machi: Kilimia, zile nyota ndogo zilizokusanyika kama vifaranga, Orion, kundi lenye nyota tatu zilizojipanga mstari mmoja, na Sirius, nyota ing'aayo kuliko nyota zote za usiku. Chini yake upande wa kusini iko Canopus, ambayo kwa Kiarabu ni Suhail. Humo ndimo lilimotoka neno suheli, ambalo manahodha wetu walilitumia kwa upande wa kusini.

Aprili hadi Juni: Msalaba wa Kusini na nyota mbili kali zinazoufuata. Msalaba ukisimama wima, mguu wake unaelekea kusini moja kwa moja. Nyota ya kaskazini ile inayosifiwa vitabuni usiitafute. Sisi tulio kusini ya ikweta iko chini ya upeo.

Julai hadi Septemba: Nge, na huyu hana haja ya kufikiriwa, mkia wake umejikunja kweli na moyo wake ni mwekundu.

Kilimia kina kazi ya ziada. Mwambie kila mtu ahesabu kimya kimya nyota anazoziona humo, halafu mlinganishe. Wengi watasema sita. Mtoto mwenye macho makali atasema saba au zaidi. Hesabu hiyo iandikeni kila usiku, ndiyo kipimo chenu cha usafi wa anga.

Na hapo mpe nafasi mzee. Usiku wetu wa tatu alikuja nahodha mstaafu, akaketi pembeni na fimbo yake, hakusema neno. Kijana mmoja alipotaja Kilimia, mzee akaimalizia: "Kilimia kikizama kwa jua, huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua, huzuka kwa jua." Kisha akatueleza kwamba kinapotea jioni upande wa magharibi karibu na Mei na kurudi alfajiri upande wa mashariki mwezi Juni. Mimi nilikuwa nimelisoma hilo kwenye programu ya simu jana yake. Yeye alikuwa nalo miaka sitini. Tangu siku ile tuna kipengele cha kudumu: kabla hatujafungua Stellarium, wazee wanaulizwa kwanza. Yaandikeni majina wanayoyataja. Hayo yakipotea hakuna programu itakayoyarudisha.

Hatua ya 6: Darubini ya macho mawili

Namba 10x50 maana yake inakuza mara 10, na lenzi ya mbele ina upana wa milimita 50. Upana ndio unaokusanya mwanga, kwa hiyo usidanganyike na zinazojisifu kukuza mara 30 kwa lenzi ndogo. Mkono ukitetemeka kidogo nyota inaruka kama panzi.

Lala chali, viwiko vikae kifuani. Au egemeza darubini kwenye ukingo wa ngalawa.

Anza na mwezi, kisha Kilimia. Nyota sita zitakuwa makumi. Mshtarii (sayari ya Jupita) ikiwa angani, itazame kwa utulivu. Ubavuni mwake utaona vitone vidogo kwenye mstari mmoja, mpaka vinne. Hiyo ni miezi yake, ile ile aliyoiona Galileo, mtaalamu wa nyota wa Italia, Januari 1610. Wape watoto kazi ya kuichora usiku tano mfululizo. Mchoro wa pili haufanani na wa kwanza, na mtoto aliyejichorea mwenyewe kwamba vitone vimehama hahitaji hotuba yako.

Hatua ya 7: Sasa nunueni darubini

Mkifika hapa mna miezi sita au zaidi, mnajua nani yuko kweli na nani alipita. Changeni kidogo kidogo, kibubu kikae kwa mweka hazina anayeaminika.

Nunueni darubini ya kioo, ya inchi 6 au 8, inayokaa kwenye kitako cha mbao kinachozunguka chini. Wauzaji wanaiita Dobsonian. Haina umeme, haina mota, fundi seremala wa kijijini anaweza kurekebisha kitako chake.

Ikimbieni ile ya boksi lenye picha za rangi na maandishi "mara 525", yenye miguu mitatu myembamba. Kanuni ya haraka: kikomo cha kukuza ni mara mbili ya upana kwa milimita. Bomba la milimita 60 linaishia mara 120, tena anga likiwa tulivu sana. Yanayozidi hapo ni ukungu mkubwa. Na miguu ile myembamba kwa kusi? Hata mwezi hautasimama.

Siku ya kwanza msitumie usiku. Alasiri, jua likiwa nyuma yenu, elekezeni darubini kwenye kilele cha mnara wa msikiti au mnazi wa mbali. Kisha sawazisheni kile kidarubini kidogo cha ubavuni mpaka kionyeshe kilele hicho hicho katikati. Asiyefanya hivi hulalamika usiku kucha kwamba haoni kitu.

Mkikuza mara 30 au zaidi, pete za sayari ya Zohali zinaonekana. Andaeni kiti. Bi mmoja wa kwetu, mkulima wa mwani, alitazama, akanyanyuka, akaenda mbele ya bomba kukagua kama tumebandika picha. Akarudi, akatazama tena, muda mrefu, foleni nyuma yake ikinung'unika. Kisha akaniambia polepole, "Mwanangu, mbona hamkuniita mapema?"

Hatua ya 8: Pigana na chumvi

Hewa ya bahari ndiyo adui wa kweli wa klabu ya pwani, na vitabu vilivyoandikwa nchi za baridi havitakwambia.

Usifute lenzi kwa kanga, kanzu wala fulana. Chumvi iliyokauka ni chembe kali. Ukiisugua unapiga msasa. Tulipoteza lenzi ya jicho nzuri, ile ya kuchungulia, kwa namna hiyo: kijana mwenye nia njema aliona umande, akaufuta kwa pindo la shati alilotoka nalo ngalawani. Mikwaruzo iko mpaka leo. Pulizia kwanza kwa kimpira cha kusafishia masikio, halafu brashi laini, na mengine uyaache. Kioo cha ndani usikiguse kabisa. Vumbi kidogo halimdhuru mtu.

Kila mkimaliza, kitako, skrubu na miguu vipanguswe kwa kitambaa kilicholowa maji baridi kikakamuliwa, kisha vikauke. Lenzi zikae kwenye ndoo ya plastiki yenye kifuniko kinachobana, pamoja na vile vifuko vya chembe vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu vipya. Vianikeni vifuko juani mara kwa mara. Msifungie kitu kikiwa na unyevu, kuvu huota juu ya kioo na hutoka na utando wake.

Kwa umande, zungushieni mdomo wa bomba karatasi ngumu nyeusi, itokeze mbele shubiri moja na nusu.

Onyo la jua

Kamwe usielekeze darubini ya aina yoyote kwenye jua bila chujio maalumu linalofunika *mbele* ya lenzi. Jicho linaungua bila maumivu, na haliponi. Vile vichujio vidogo vinavyofungwa upande wa jicho tupeni. Hupasuka kwa joto. Filamu za eksirei, sidii na kioo kilichofukizwa moshi havifai. Miwani ya kupatwa kwa jua iwe na alama ya ISO 12312-2, isiwe na mkwaruzo, na isitumike pamoja na darubini.

Nalisema kwa ukali kwa sababu siku inakuja. Tarehe 1 Septemba 2016 watu walijaa Rujewa, Mbeya, kuona jua likibaki pete. Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa lote kule Luxor, Misri, kwa zaidi ya dakika sita, na pwani ya Kenya na kaskazini ya Tanzania litamegwa sehemu. Anzeni kufundisha shule sasa. Kupatwa kwa mwezi hakuna hatari yoyote. Kama mliukosa ule wa 7 Septemba 2025, wekeni alama 31 Desemba 2028, mwezi utachomoza jioni tayari umeanza kumegwa.

Shida zinazojitokeza

*Tunaona duara lenye tundu katikati, kama andazi la duara.* Hamjalenga. Zungusheni kirekebishi taratibu mpaka nyota iwe nukta.

*Picha iko kichwa chini.* Ndivyo darubini za kioo zilivyo. Angani hakuna juu wala chini.

*Sayari inachemka kama iko ndani ya maji.* Iko chini mno karibu na upeo wa bahari, au darubini imetoka ndani sasa hivi. Itoeni nje nusu saa kabla, na ngojeni sayari ipande.

*Simu inaonyesha Nge upande usio wake.* Dira ya simu imevurugwa na chuma. Ondokeni karibu na pikipiki, spika au mashine ya boti, kisha izungusheni simu hewani kwa umbo la namba nane.

*Nyota moja jioni inang'aa kupita kiasi, watu wanasema ni ndege.* Mara nyingi ni sayari ya Zuhura. Ndani ya darubini mara nyingine mtaikuta imekatika kama mwezi mchanga. Usiku wa manane hamtaipata, huonekana jioni au alfajiri tu.

*Taa za dagaa zinatuharibia.* Zitazameni kwa mgongo. Geukieni nchi kavu kwa saa moja, au hamieni nyuma ya mikoko. Wavuvi msiwaombe wazime, wako kazini.

*Watu wamepungua.* Kagua tarehe ulizoita. Mara nyingi utakuta uliita usiku wa giza kwa watu wa usiku wa mwezi, au siku ya maji kutoka alfajiri kina mama walipotaka kulala mapema. Rudi kwenye kalenda, na usiku unaofuata mpeleke kijana apite kwa kila mzee mwenyewe amwalike kwa mdomo. Tangazo la ubaoni halimtoi mzee barazani.